Ukinunua Mashine ya Nyasi ya Kukalia Ikakuvunja Moyo

Kisumu haina majira ya baridi ya kulaza nyasi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, milimita 1,300 hivi kwa mwaka, na huzidi katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30 mwaka mzima. Ukoka hauhitaji kubembelezwa katika hali kama hiyo. Ndiyo maana mwenye boma kubwa Kajulu au Riat, msimamizi wa shule yenye viwanja viwili, au mwenye hoteli kando ya ziwa hufika siku akachoka kuwalipa vijana wa slasha, akaanza kuulizia ile mashine yenye kiti na usukani ambayo mtu huikalia akakata nyasi huku amepumzika.

Mashine hiyo humfikia mnunuzi ikiwa mpya kutoka dukani, au ndani ya kontena ikiwa imeshafanya kazi miaka kadhaa kwenye ua wa mtu Marekani au Uingereza. Bei huuma kwa njia zote mbili. Kisha, majirani wakishamaliza kuja kuishangaa, mambo huanza kuharibika. Inazama penye unyevu. Inaacha mistari ya nyasi zisizokatwa. Mkanda unakatika, au asubuhi moja injini inanguruma vizuri tu lakini mashine haisogei. Hapo wengi hufanya jambo linaloonekana kuwa la busara: huita pikapu na kuipeleka kwa mafundi wa soko la Kibuye.

Ngoja kwanza. Si kwamba mafundi wa Kibuye hawajui kazi. Wanaijua, na zamu yao itafika. Lakini mashine iliyofunguliwa na mtu wa tatu kabla muuzaji hajaambiwa ni mashine ambayo muuzaji ana sababu nzuri ya kuikataa. Nani atabeba hasara, hilo huamuliwa na utaratibu: kagua vitu vya juu juu mwenyewe, mwambie muuzaji kwa maandishi, ndipo spana zitoke.

Hitilafu ambazo si hitilafu

Mashine nyingi za kukalia zimejaa vizuizi vya usalama vilivyoelezwa kwenye kitabu ambacho, katika mashine ya mtumba, kilipotea zamani. Kitabu hicho mara nyingi kinapatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kuandika namba ya modeli iliyo kwenye kibati chini ya kiti. Kipakue kabla ya kumlaumu mtu.

Chukua ile inayonguruma bila kusogea. Zile zinazoendeshwa kwa kukanyaga pedali tu, bila klachi wala kubadilisha gia, hutumia giaboksi ya haidrostatiki, ambayo nguvu yake husafirishwa na mafuta. Nyuma, karibu na ekseli, huwa na kijiti cha chuma cha kuiachanisha gia ili mashine isukumwe kwa mikono wakati wa kupakiwa na kushushwa. Ikishashushwa, si ajabu kijiti kikasahauliwa pale pale kilipovutwa. Hata kikirudishwa, huenda hewa imeingia kwenye mafuta, na kitabu hueleza namna ya kuitoa kwa kukanyaga pedali mbele na nyuma polepole mara kadhaa. Ni ukaguzi wa dakika chache unaoweza kuokoa bei ya giaboksi nzima.

Injini ikizima unapoinuka kidogo kitini, hiyo ni swichi iliyo chini ya kiti, na imefanya kazi iliyowekewa. Ikizima unaporudi nyuma huku visu vinazunguka, hilo nalo ni la kawaida kwa mashine nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani; kuna kitufe au namna ya kuzungusha ufunguo inayoruhusu. Fundi mwenye haraka atajitolea kuunganisha nyaya “isikusumbue tena, mzee.” Kataa. Kiwango cha usalama cha Marekani kinaruhusu ncha ya kisu iende hadi futi 19,000 kwa dakika, sawa na kilomita 347 hivi kwa saa, na nyuma ya mashine katika boma la kawaida hupita watoto, kuku na mbwa.

Ukataji mbaya mara nyingi huanzia kwenye magurudumu. Yanataka upepo mdogo sana, kwa kawaida kati ya psi 10 na 14. Kijana wa pancha aliyezoea matatu akiyajaza kama ya gari, mashine itarukaruka, na deki, yaani lile bakuli la chuma linalofunika visu, litainama upande mmoja na kukata nyasi kwa ngazi. Pima upepo kwanza, kisha egesha mashine penye sakafu sawa, uzime injini, uchomoe waya wa plagi, ndipo upime kwa rula urefu wa kila kisu kutoka chini. Angalia pia kama visu vimefungwa juu chini. Kisu kilichopinduliwa hupiga nyasi bila kuzikata, na ncha zake hubaki zimechanika na kugeuka kahawia siku ya pili.

Kwa injini inayowaka kwa shida, shuku petroli. Ikikaa miezi mitatu au zaidi kwenye kabureta bila dawa ya kuihifadhi huacha utando wa gundi kwenye vitundu vidogo. Mwaga ya zamani, weka mpya, badilisha plagi na filta. Na kama oili inapungua bila kuvuja, soma ulichoweka. Vitabu vya injini za Briggs & Stratton vinaonya kwamba oili ya 10W-30 huweza kuliwa zaidi joto likipita nyuzi 27, na Kisumu hupita hapo karibu kila alasiri. SAE 30 huvumilia zaidi.

Ukimaliza hayo na tatizo bado lipo, sasa una tatizo la kweli. Piga video fupi inayoonyesha kasoro na saa zilizosomeka kwenye mita, kama mita ipo.

Mashine nzima, mahali pasipofaa

Majuto mengi hayatokani na mashine mbovu. Hutokana na mashine nzuri iliyotengenezewa ua wa tambarare, wenye udongo mwepesi na nyasi fupi, kisha ikaletwa mahali pasipofanana na huko hata kidogo. Kisumu imekaa kati ya ardhi mbili ngumu kwa mashine za aina hii. Upande wa uwanda wa Kano kuna ule udongo mweusi unaonata, ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukilowa. Mashine ya kilo 200 ikiongezewa dereva itateleza, ichimbe mifereji miwili na kukaa humo. Hakuna fundi wa kurekebisha hilo. Dawa ni kungoja: kanyaga kwa kisigino, na kisigino kikizama, leo si siku ya kukata.

Upande wa pili ni vilima. Riat na Kajulu zina mawe, mengine yamejificha chini ya nyasi, na kisu kikigonga jiwe mara moja tu shafti yake inaweza kupinda. Tembea eneo lote kwa miguu kabla ya kila ukataji wa kwanza wa msimu. Kisha kuna mteremko. Watengenezaji wengi huweka mwisho kwenye nyuzi 15. Kipimo chake hakihitaji chombo cha bei: weka ubao wa mita moja uliolala sawasawa kwa pimamaji, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, kisha pima pengo lililo chini ya ncha ya pili. Likizidi sentimita 27, mashine ya kukalia haina kazi hapo. Itapinduka na kumlalia dereva. Na penye mteremko mdogo, hukatwa kwa kupanda na kushuka, kamwe si kwa kukata mlima ubavuni.

Ukubwa nao hudanganya pande zote mbili. Deki ya inchi 42 ina upana wa sentimita 107. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, hesabu ya karatasi ni ekari moja na nusu na ushei kwa saa; ukitoa mapitio yanayolaliana na kona, baki na ekari moja na robo. Hiyo ni kazi nzuri kwa uwanja wa shule. Lakini ploti ya hamsini kwa mia haifiki hata moja ya nane ya ekari kabla nyumba, choo na tangi la maji havijachukua nafasi yake. Mwenye ploti hiyo aliyenunua mashine ya kukalia amenunua tatizo la kuegesha.

Halafu kuna saa. Kaskazini mwa Marekani nyasi hukatwa kutoka majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi, kisha mashine inalala chini ya turubai. Ua wa saa moja kwa wiki, kwa wiki 26, ni saa 26 za injini kwa mwaka. Shule ya Kisumu inayokata saa nne kila wiki, wiki 50, inafika saa 200. Mwaka mmoja hapa unakula karibu miaka minane ya kule. Oili inayotakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 50, ambayo mwenye ua wa kule aliibadilisha mara moja na kusahau, hapa hubadilishwa kila miezi mitatu. Mashine za daraja la nyumbani hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na muuzaji mwaminifu atakuambia ununue daraja la biashara au uache.

Neno moja kuhusu mabingobingo na kuvuta. Deki ya nyumbani imeundwa kwa nyasi za bustani. Ukiiingiza kwenye mabingobingo yaliyofika kiunoni utachoma mkanda. Na ingawa inafanana na trekta, si trekta. Giaboksi nyingi za haidrostatiki za daraja la nyumbani hazikuundwa kuvuta plau, haro wala tela la mchanga. Mafuta hupata moto, yakawa mepesi, na baada ya hapo mashine huishiwa nguvu kila ikipanda kilima.

Ukiambiwa ni ya juzi

Kama umeshatambua kwamba kasoro ni ya mashine wala si ya ardhi yako, hatua inayofuata ni kujua ulichouziwa hasa. Rangi mpya ni kazi ya asubuhi moja. Namba za injini ni ngumu zaidi kughushi. Kwenye injini za Briggs & Stratton, ambazo ni nyingi katika mashine za mtumba kutoka Marekani, kuna mistari mitatu iliyogongwa kwenye chuma: modeli, aina na kodi (Code). Kodi huanza kwa mwaka, mwezi na siku ya kutengenezwa. Inayoanza na 110421 ilitoka kiwandani tarehe 21 Aprili 2011, hata kama kibao shingoni mwa mashine kinasema ni ya 2019. Piga picha namba zote tatu. Utazihitaji kwa madai, na utazihitaji tena kwa spea.

Nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye boneti zichukulie kwa tahadhari. Huko Marekani kwenyewe wanunuzi walizishtaki kampuni kadhaa, zikiwemo Briggs & Stratton na Sears, wakidai kwamba nguvu za injini za mashine za nyasi zilikuwa zikitangazwa kuwa kubwa kuliko zilivyo. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho mjini Milwaukee iliidhinisha suluhu ya dola milioni 65, na mwenye mashine ya kukalia aliweza kudai hadi dola 75. Kampuni hazikukiri kosa. Kwa mnunuzi wa hapa funzo ni dogo lakini la kazi: uliza cc za injini na upana wa deki, maana hivyo vinapimika.

Kurudi kwa muuzaji

Sheria ya Kenya si butu kama wauzaji wanavyopenda kuamini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaoridhisha, haki ya habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa hizo, na fidia ya hasara inayotokana na kasoro. Chini yake ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1893. Sehemu ya 16 ndiyo ya kuijua. Inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoikusudia, na ikaonekana anategemea ujuzi wa muuzaji huyo ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, basi bidhaa lazima ifae kazi hiyo. Inasema pia kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo lazima iwe ya ubora unaouzika.

Lakini sehemu hiyo ina mitego miwili. Ukiingia dukani na kusema unataka mashine fulani kwa jina lake la biashara, sharti la kufaa kazi halikuhusu, umechagua mwenyewe. Na ukiikagua kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo maneno ya kwanza ya mnunuzi yana uzito kuliko anavyodhani. “Nina ekari mbili Kajulu, kuna mawe na mteremko, nitakata kila wiki, nipe inayofaa,” ikiandikwa kwa WhatsApp kabla ya kulipa, ina thamani kubwa kuliko waranti yenye muhuri. Kwa ambaye ameshanunua, rudi kwenye simu ukatafute kama ulishaandika kitu cha namna hiyo. Huenda ulifanya.

Risiti nyingi huandikwa chini kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Usiyaogope maneno hayo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inabatilisha sharti lolote la mkataba linalojaribu kufuta haki zilizomo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa udanganyifu kusema bidhaa ni mpya ilhali si mpya, au kwamba imetumika kiasi kilicho tofauti na ukweli, na inamruhusu mtumiaji aliyedanganywa kuvunja makubaliano. Hapa ndipo ile picha ya kodi ya injini inapopata kazi.

Usichelewe, na usiibadilishe. Mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda unaozidi wa kawaida bila kusema neno, au anayeitendea kama mali yake kamili, huhesabiwa ameikubali, na aliyeikubali hubaki na dai la fidia tu badala ya kurudishiwa pesa. Kuichomelea deki Kibuye ni kuitendea kama mali yako. Andika ujumbe mfupi usio na matusi: tarehe ya kununua, kasoro, video, na unachotaka, iwe ni kurudishiwa pesa, kubadilishiwa au kutengenezewa. Toa siku za kujibu. Ambatisha risiti ya eTIMS. Ukiwa huna, ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mpokeaji, kiasi na tarehe ni ushahidi wa malipo. Mashine isiwashwe tena wakati huo wote, hata kwa jirani aliyekuja kuomba kuijaribu.

Aliyenunua kwa mtu binafsi, tuseme jirani anayehama, ana kinga ndogo zaidi, kwa kuwa masharti ya ubora na ya kufaa kazi yanawabana wanaofanya biashara hiyo. Kinachobaki ni maelezo: kama mashine hailingani na ilivyoelezwa, au ulidanganywa waziwazi, dai bado lipo.

Mazungumzo yakikwama, kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji dhidi ya wafanyabiashara bila malipo. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kiasi kinachotosha mashine nyingi za kukalia. Inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kisumu inayo, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi kwa ajili ya giaboksi.

Sasa Kibuye

Muuzaji akikataa, au akirudisha sehemu ya pesa na kukuachia mashine, spana zinaweza kutoka. Kibuye iko kando ya barabara ya Kakamega, na siku yake kubwa ni Jumapili, wakati mitumba, mbao na mifugo hujaza kila pembe. Kwa kazi ya mashine nenda siku ya katikati ya wiki, fundi akiwa na nafasi ya kukusikiliza.

Jua ni nini cha kumwomba. Chuma ni chao: deki iliyotoboka kwa kutu, mkono wa usukani uliolegea, boneti iliyovunjika bawaba, yote hayo huchomelewa na kudumu. Shafti ya kisu iliyopinda inaweza kuchongwa upya kwa leithi, mradi ile ya zamani ipelekwe nzima pamoja na beringi zake, na namba ya beringi isomwe kabla ya kung'olewa. Kunoa visu pia, lakini sisitiza visawazishwe uzito baada ya kunolewa. Namna rahisi ni kukitundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Kikiinama upande mmoja, hakijakamilika, na kikirudishwa hivyo kitatikisa beringi hadi zife.

Mkanda ndio shida. Madalali watakuambia, “Jaduong', mkanda ni mkanda,” na kukutolea wa mashine ya kusaga, wenye upana ule ule na urefu unaokaribia. Upana wa nusu inchi unalingana kweli na saizi A inayouzwa kila duka la vipuri. Tofauti imo ndani. Mikanda mingi ya mashine za nyasi husokotwa kwa nyuzi za aramidi, jamii ya Kevlar, kwa sababu hutumika kama klachi: hulegezwa na kukazwa kila visu vinapowashwa, na huteleza kwa sekunde kadhaa bila kuungua. Ule wa kusaga unga haukuundwa kwa mchezo huo. Utafanya kazi, kisha utanuka. Ukiutumia kwa dharura, agiza wa kweli siku hiyo hiyo kwa namba ya modeli, na uagize miwili. VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei, usafirishaji na ushuru, kwa hiyo kifurushi kimoja chenye mikanda miwili, filta na seti ya visu huwa na nafuu kuliko vifurushi vinne.

Giaboksi ya haidrostatiki usiiruhusu ifunguliwe kwa kubahatisha. Nyingi za daraja la nyumbani zilifungwa kiwandani bila mpango wa kutengenezwa, na kilichomo ndani ni pampu yenye vipimo vidogo mno ambayo chembe moja ya vumbi la murram huiharibu. Ikiwa imekufa kweli, omba bei ya nyingine nzima kabla ya kuamua lolote, kisha ilinganishe na bei ya mashine. Mara nyingi jibu litakuwa limeshapatikana.

Kubaki nayo, au kuiuza

Kubaki nayo kuna mantiki kama injini na gia ni nzima na kosa lilikuwa la matumizi. Ipe eneo la tambarare tu. Mabonde, kingo za mitaro na miteremko waachie vijana wa slasha au mashine ya kubeba begani. Wakati wa masika inua deki na kukata theluthi moja ya urefu, kisha urudi baada ya siku chache ukate tena. Kuzikata nyasi ndefu kwa mpigo mmoja ndiko kunakoziba deki na kuacha marundo. Safisha filta ya hewa kila baada ya saa 25, au mapema zaidi kama boma lako liko kando ya barabara ya vumbi.

Kuiuza kuna jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Injini ya pampu ya maji, jenereta au mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ina shafti iliyolala, na ndiyo maana injini kuukuu ya aina hiyo haikosi mteja Kibuye. Injini ya mashine ya nyasi ya kukalia ina shafti iliyosimama wima ikielekea chini. Haiwezi kulazwa ubavu ifanye kazi ya ile nyingine, kwa kuwa oili yake haitafika inapohitajika na itakwama kwa joto. Kwa hiyo thamani yake iko katika mashine kamili, na mteja wako ni shule, kanisa au hoteli nyingine yenye uwanja, wala si fundi anayetafuta injini.

Watafute hao moja kwa moja kabla hujamkabidhi dalali. Likizo za shule ni wakati mzuri. Wasimamizi hupanga kazi za uwanja kabla ya muhula kufunguliwa. Waonyeshe ikikata, si ikinguruma tu. Andika kwenye karatasi ya mauzo saa za injini, namba zile tatu, kasoro unazozijua na aina ya ardhi iliyokushinda, mtie sahihi nyote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Kabidhi kitabu, ufunguo wa pili na mkanda wa zamani wenye namba inayosomeka.